Sanduku, simu, mkutano au kadi ya alama: njia ipi ya maoni itarekebisha huduma za dharura kituoni kwenu?

Katika kituo cha afya ambacho nimekuwa mjumbe wa kamati yake ya usimamizi, sanduku la maoni hufunguliwa kila robo mwaka mbele ya wajumbe. Robo moja tulitoa karatasi zisizofika ishirini, tukazisoma zote kwa sauti: foleni ya asubuhi ni ndefu, vyoo vya wanaume havina maji, dirisha la dawa hufunguliwa kwa kuchelewa, muuguzi fulani anastahili pongezi. Hapakuwa na karatasi hata moja iliyozungumzia usiku, ingawa miezi hiyohiyo kata nzima ilikuwa na habari za mtoto mwenye degedege aliyeletwa kwa bodaboda baada ya saa sita, akakaa getini mikononi mwa mama yake huku baba akigonga na kuita, kwa sababu taa ya geti ilikuwa imeungua na mlinzi alikuwa upande wa pili wa jengo. Mtoto alipewa rufaa usiku huo na akapona. Wazazi wake hawakurudi kuandika karatasi, wala sioni kwa nini wangerudi.

Tangu siku ile nimeshika neno moja ambalo nalirudia katika kila kikao: maoni kuhusu dharura hayaji yenyewe. Mgonjwa wa kawaida anayesubiri kwenye benchi kwa saa mbili ana muda wa kuliona sanduku na kutafuta kalamu, lakini aliyeletwa hajitambui hana muda huo, msindikizaji wake anahangaika kutafuta fedha na usafiri, aliyepewa rufaa anamalizia matibabu hospitali nyingine, na aliyefariki hawezi tena kutueleza lililotokea. Kwa hiyo kamati, serikali ya mtaa au kikundi cha wananchi kinachotaka kuboresha huduma za dharura kinapaswa kuchagua njia ya kukusanya maoni kwa uangalifu mkubwa kuliko kinachotaka kuboresha kliniki ya mchana. Njia zilizopo Tanzania ninazozilinganisha hapa ninazipima kwa mambo matatu: sauti ya nani inafika, inafika mezani kwa nani, na mtoa maoni anajua lini kwamba amesikika.

Kabla ya kuchagua njia, ijulikane kasoro iko mikononi mwa nani

Hapa ndipo juhudi nyingi zinapopotea, kwa hiyo nitakaa kidogo. Kasoro za huduma za dharura si za aina moja, na kila aina ina mwenye uwezo wake wa kuirekebisha.

Ziko kasoro zinazoweza kumalizwa na kituo chenyewe. Taa ya geti, kengele ya usiku, nani anashika ufunguo wa stoo baada ya mfamasia kuondoka, kabati la dawa za dharura ndani ya chumba cha matibabu, utaratibu wa kumtanguliza mwenye hali mbaya badala ya kufuata foleni, namba ya simu ya mganga wa zamu kubandikwa mahali inapoonekana: haya yote yanaamuliwa na Mganga Mfawidhi, yaani mkuu wa kituo, pamoja na kamati. Tangu mwaka wa fedha 2017/18, fedha za Mfuko wa Pamoja wa Afya, unaochangiwa na wafadhili, zimekuwa zikitumwa moja kwa moja kwenye akaunti ya kituo badala ya kubaki halmashauri, na kamati ina nafasi halali katika kupanga na kusimamia matumizi yake. Kamati inayosema haina uwezo wa kununua taa ama haijasoma mpango wake, ama haijaitwa kikaoni, na yote mawili yanarekebishika.

Ziko kasoro za ngazi ya halmashauri: gari la wagonjwa lisilo na mafuta, dereva mmoja anayehudumia vituo vingi, ndugu wa mgonjwa kuombwa wachangie mafuta, rufaa inayopelekwa bila kituo kinachopokea kupigiwa simu. Mganga Mkuu wa Halmashauri, Bodi ya Afya ya Halmashauri na Baraza la Madiwani ndio wenye kauli. Kisha ziko zile za ngazi ya taifa, ambazo kubwa ni idadi ya watumishi. Tabibu mmoja na muuguzi mmoja wanaokesha peke yao hawawezi kuongezwa na sanduku la maoni, na kuwazomea mkutanoni kwa upungufu usio wao ni kuwavunja moyo watu tunaowahitaji.

Wapo pia wenzetu wanaodhani dharura ni jambo la hospitali kubwa pekee. Ni kweli kwamba idara ya kwanza kamili ya tiba ya dharura katika hospitali ya umma nchini ilifunguliwa Muhimbili mwaka 2010, na kwamba majengo mengi ya huduma za dharura katika hospitali za wilaya na mikoa yalijengwa baada ya mwaka 2021 kwa fedha za mpango wa maendeleo na mapambano dhidi ya UVIKO-19. Hata hivyo, mgonjwa wa kijijini hupokelewa kwanza kwenye zahanati au kituo cha afya, na dakika zinazopotea pale hazirudishwi na jengo zuri lililo kilomita arobaini mbele.

Sanduku na simu

Nimeziweka njia hizi mbili pamoja kwa sababu zote ni za mtu mmoja mmoja, na zote huwalinda wanaoogopa kusema hadharani.

Sanduku ni rahisi, halihitaji bando wala chaji, na mtu anaweza kuandika bila kutaja jina. Udhaifu wake umeshaonekana kwenye karatasi zetu: linawasikia waliokaa, si waliokimbizwa. Linawaacha nje wasiojua kuandika, na katika kijiji kidogo mwandiko wa mtu unajulikana. Lakini kinacholiua zaidi ni ufunguo. Pale ambapo ufunguo uko mfukoni mwa yuleyule anayelalamikiwa, wananchi huacha kuandika, na ukimya wao husomwa kwenye taarifa kuwa ni kuridhika. Kituo kinachotaka kuendelea na sanduku kiweke kufuli mbili, moja ya Mganga Mfawidhi na nyingine ya mjumbe wa kamati asiye mtumishi, tarehe ya kufunguliwa iandikwe juu yake, na majibu yabandikwe kwenye ubao wa matangazo, yakiwemo majibu ya «hili hatuwezi, tumelipeleka halmashauri». Karatasi zenyewe ziwe na swali moja la dharura: mgonjwa alifika saa ngapi, na mhudumu wa kwanza alimgusa saa ngapi?

Simu inavuka geti la kituo. Wizara ya Afya ina kituo cha kupokea simu kwa namba 199 bila malipo, mfumo wa serikali wa kupokea maoni, e-Mrejesho, unapatikana hata kwa simu ya kitochi kupitia *152*00#, na anayeombwa rushwa ili mgonjwa wake ahudumiwe anaweza kuwapigia TAKUKURU kwa 113. Kwa jambo zito linalomhusu mtumishi mmoja, kama rushwa, lugha chafu kwa mama mwenye uchungu, au mgonjwa kufukuzwa kwa kukosa fedha, ningemshauri mtu yeyote atumie simu kuliko sanduku, kwa kuwa malalamiko huingia kwenye kumbukumbu ambazo kituo hakiwezi kuzichana.

Ila simu nayo ina mipaka yake. Malalamiko yakishapanda ngazi hadi Dodoma, hurudi yakiwa barua ya kutaka maelezo, na barua ya kutaka maelezo humfanya mtumishi ajitetee. Mara chache humfanya abadilishe utaratibu wa zamu. Majirani kumi wanaweza kupiga simu kuhusu geti lilelile bila yeyote kujua kwamba mwenzake naye amepiga. Tena ni watu wachache watakaoisumbua wizara kwa ajili ya taa iliyoungua, na hiyo taa ndiyo iliyomchelewesha mtoto wetu.

Hapa pana jambo la kuwaambia wananchi waziwazi, kwa sababu nimeona likichanganywa: 199 ni ya maelezo na maoni, haileti gari. Mjamzito, aliyejifungua karibuni au mtoto mchanga aliye katika hatari huombewa usafiri kwa kupiga 115, namba ya mfumo wa m-mama uliozinduliwa kitaifa mwaka 2022, ambao hutumia magari ya wagonjwa na pia madereva wa jamii wanaolipwa kwa kila safari. Bango la kituo linaloziorodhesha namba zote bila kueleza kazi ya kila moja linaweza kumgharimu mtu muda wake wa mwisho.

Mkutano wa hadhara

Sheria zinautaka mkutano mkuu wa kijiji ukae angalau kila miezi mitatu, kwa hiyo hakuna gharama mpya. Nguvu yake ni kwamba jambo likishasemwa pale limeandikwa kwenye muhtasari, linapanda kwenye Kamati ya Maendeleo ya Kata, na diwani analibeba. Kwa mafuta ya gari la wagonjwa au barabara isiyopitika masika, sijaona njia inayoushinda. Lakini kwa yanayotokea ndani ya chumba cha matibabu haufai: wanaozungumza ni walewale, wanawake walio wengi kati ya wanaosindikiza wagonjwa hukaa nyuma kimya, na siri ya mgonjwa huanikwa mbele ya kijiji kizima. Mwenyekiti akiona mjadala unaanza kutaja majina ya wagonjwa, ausimamishe.

Kadi ya alama ya jamii

Njia hii inadai muda kuliko zote, na ndiyo iliyofanyiwa utafiti zaidi, kwa hiyo anayefikiria kuichagua anastahili kuelezwa yote mawili, uzuri wake na mipaka yake.

Kadi ya alama ilianza Malawi mwaka 2002 chini ya shirika la CARE. Wananchi hukaa katika makundi, wanawake peke yao, wanaume peke yao, vijana peke yao, na kila kundi hutaja yanayolisumbua katika huduma. Yale yanayofanana hugeuzwa kuwa vigezo, kwa mfano «mgonjwa wa usiku anafunguliwa geti bila kuchelewa», na kila kundi hutoa alama pamoja na sababu yake. Watumishi wa kituo nao, wakiwa peke yao, hujipa alama kwa vigezo vyao. Kisha pande mbili hukutana mbele ya viongozi, hulinganisha alama, na kuandika mpango wenye jina la mhusika na tarehe kwa kila jambo. Baada ya miezi kama sita alama hutolewa upya.

Nguvu ya kadi iko katika ile siku ya kukutana. Katika kituo chetu tulipoijaribu, wananchi waliipa alama ya chini kabisa «dawa za dharura usiku», na watumishi nao, bila kujua, walikuwa wameipa alama ya chini vilevile. Ilibainika kwamba dawa zilikuwepo muda wote, lakini ufunguo wa stoo uliondoka kila jioni na mtu anayeishi mbali. Muuguzi wa zamu alisema kwa unyenyekevu kwamba amekuwa akiulizia jambo hilo kwa muda mrefu na hakuna aliyemsikia. Uamuzi wa kuweka kabati la dharura lenye orodha, linalokaguliwa kila zamu inapobadilishana, haukuchukua hata nusu saa. Sanduku lingetuletea karatasi iliyoandikwa «usiku hakuna dawa», nasi tungejibu kwamba dawa zipo, na pande zote mbili zingekuwa zimesema kweli.

Sasa mipaka. Nchini Uganda, utafiti uliochapishwa mwaka 2009 kuhusu vituo 50 katika wilaya tisa ulionyesha kwamba pale wananchi walipopewa taarifa za kituo chao na kukutana na watumishi ili kupanga pamoja, vifo vya watoto wa chini ya miaka mitano vilipungua kwa takriban theluthi moja. Matokeo hayo yaliwatia watu wengi matumaini. Utafiti mkubwa zaidi uliofuata nchini humohumo, katika vituo 376, haukuona tena upungufu huo wa vifo wala ongezeko la wanaokuja kutibiwa. Ulichoona ni nafuu ya wastani katika ubora wa matibabu na kuridhika kwa wagonjwa. Hapa kwetu, katika vijiji 100 vya mikoa ya Tanga na Dodoma, mpango uliowapa wananchi taarifa za huduma za uzazi na kuwasaidia kubuni hatua zao wenyewe haukuleta kwa wastani mabadiliko yanayopimika katika huduma hizo, na vijiji 100 vya Indonesia vilitoa jibu lilelile.

Matokeo hayo hayanikatishi tamaa, ila yamenifundisha kutoiuza kadi ya alama kana kwamba ni dawa ya kila ugonjwa. Inafanya kazi pale ambapo kasoro iko ndani ya uwezo wa watu waliomo chumbani. Ikiwa makundi yote yatamaliza siku mbili yakilalamikia upungufu wa matabibu, mpango utakaoandikwa utakuwa orodha ya maombi kwa serikali, na baada ya miezi sita alama zitakuwa zilezile na watu watakuwa wamechoka. Kadi inahitaji pia mwezeshaji asiye mtumishi wa kituo wala mgombea wa cheo chochote, siku mbili au tatu za watu wanaoishi kwa vibarua, na mtu wa kuirudia. Kadi iliyofanywa mara moja na kuachwa ni afadhali isingefanywa, kwa kuwa imewaonyesha wananchi kwamba kusema hakuleti kitu.

Kuwafuata waliokwisha kuondoka

Njia hii haina jina kubwa, na sijaiona kwenye mabango ya miradi, lakini kwa huduma za dharura naiweka mbele ya nyingine zote. Kila mgonjwa wa dharura huandikwa kwenye rejista. Mjumbe wa kamati hatakiwi kuisoma rejista hiyo, kwa kuwa siri ya mgonjwa ni ya mgonjwa. Anayeweza kuwapigia simu ndugu baada ya wiki moja au mbili, kuwapa pole, kuomba ridhaa yao na kuwauliza maswali manne au matano, ni mtumishi aliyepangwa na Mganga Mfawidhi, na kama yupo afisa ustawi wa jamii ndiye anayefaa zaidi. Mlifika saa ngapi? Nani aliwapokea? Mliombwa fedha yoyote kabla ya matibabu kuanza? Mkipewa rufaa, mlisafiri kwa nini na mlipokelewaje huko? Kamati inaletewa majibu bila majina.

Waongezeni madereva wa bodaboda na bajaji wanaoegesha karibu na kituo. Hao ndio gari la wagonjwa la usiku katika kata nyingi, na wanayajua mambo ambayo hakuna mgonjwa anayeyajua, kwa sababu mgonjwa huja mara moja na wao huja kila wiki. Dereva mmoja alitueleza kwamba wenzake wamezoea kumpitiliza mgonjwa hadi hospitali ya wilaya bila kusimama kwetu, kwani wanajua geti letu haliamki. Taarifa ile ilitupa jibu la swali lililotusumbua mwaka mzima, la kwa nini idadi ya wagonjwa wa usiku kwetu ilikuwa ndogo.

Udhaifu wa njia hii ni kwamba inategemea unyoofu wa anayepiga simu. Mtumishi anayemuuliza ndugu wa marehemu kuhusu zamu ya rafiki yake anaweza kulainisha majibu. Dawa yake ni kuzungusha jukumu hilo, na kumpa aliyehojiwa namba ya mwenyekiti wa kamati endapo ana la kuongeza.

Uchaguzi wenyewe

Kama kituo chenu hakina chochote kwa sasa, anzeni na simu za kuwafuata waliohudumiwa pamoja na kikao kimoja cha madereva kila robo mwaka. Vocha na chai vinatosha, na ndani ya miezi mitatu mtajua kasoro zenu kubwa za usiku. Sanduku liendelee kwa huduma za mchana, likiwa na kufuli mbili.

Kama mmekwisha kuzijua kasoro na nyingi ziko ndani ya uwezo wa kituo, lakini wananchi na watumishi wanatupiana lawama, fanyeni kadi ya alama, ila iwe ya huduma za dharura peke yake, yenye vigezo visivyozidi sita. Ifanyeni kati ya Agosti na Oktoba, ili mpango utakaotoka uwahi maandalizi ya bajeti ya mwaka wa fedha unaoanza Julai. Kadi inayofanywa Machi itasubiri zaidi ya mwaka kabla ya kuona fedha.

Kama kasoro ni ya gari, mafuta au watumishi, msiwachoshe wananchi kwa vikao vya kituoni. Andikeni hoja moja yenye tarehe na saa za matukio, bila majina ya wagonjwa, muipitishe mkutano mkuu, kisha Kamati ya Maendeleo ya Kata, na nakala iende kwa Bodi ya Afya ya Halmashauri. Tumieni pia lugha ambayo serikali yenyewe imeitumia: katika upimaji wa ubora wa vituo, ambao hukipa kila kituo idadi ya nyota, ushughulikiaji wa dharura na rufaa ni eneo linalopimwa, na uwajibikaji kwa jamii ni eneo jingine. Katika awamu ya kwanza ya mwaka 2015/16, takriban theluthi moja ya vituo nchini haikupata hata nyota moja, na kufikia 2017/18 vituo vya namna hiyo vilikuwa vimebaki karibu asilimia 4. Halmashauri huzijali nyota zake, na hoja inayoonyesha nyota iko wapi husomwa haraka kuliko ombi la huruma. Wasomaji wa Kenya wana msingi mwingine wenye nguvu zaidi, kwani ibara ya 43(2) ya Katiba yao ya mwaka 2010 inasema hakuna mtu atakayenyimwa matibabu ya dharura, na hoja yoyote kwa serikali ya kaunti inaweza kuanzia hapo.

Na kama kasoro ni ya mtu mmoja anayedai fedha au kutukana wagonjwa, msimpeleke mkutanoni wala msimwandikie vigezo. Pigeni simu.

Kwetu, taa ya geti ilibadilishwa wiki ileile tuliyokaa na madereva, na kengele ikafungwa kwenye chumba cha muuguzi wa zamu. Tumekubaliana kwamba kila Jumatatu ya kwanza ya mwezi mjumbe mmoja aende usiku, abonyeze kengele, na aandike kwenye daftari la kamati geti lilifunguliwa baada ya dakika ngapi.